Wanafunzi Tuliowapandisha Mlimani

Neema wa ofisini ameniambia nianze na mwaka nilioajiriwa na vyeo nilivyopitia. Vyeo havikuwa vingi, na mwaka wenyewe ataukuta kwenye faili langu kama panya hawajaula. Mimi nitaanza na woga, kwa sababu ndio niliokwenda nao kazini siku ya kwanza, na ndio nilioondoka nao siku ya mwisho, wenzangu wakinipigia makofi na kunikabidhi saa ya ukutani. Saa ya ukutani kwa mtu asiye na pa kuwahi. Lakini nashukuru, inatembea vizuri.

Naandika kwa mkono. Shule niliishia darasa la nne; mwalimu wetu alihama, hakuletwa mwingine, basi na mimi nikahama. Neema atachapa. Nimemwomba asininyooshee maneno, maana nikinyooshwa sana wanaonijua watasema huyu si Lukali.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki ghalani, hasa mtakaowapokea wanafunzi wa chuo kila likizo ndefu inapofika. Mtawapenda. Wanachangamsha ghala. Ila mkishawapandisha mlimani, mtajua ninachokisema.

Siku ya kwanza nilipokelewa na mzee mmoja mnunuzi, Mzee Chanzi, Mungu amrehemu. Ghala lilikuwa palepale lilipo sasa, nyuma ya soko, na mwenye mali alikuwa baba yake Bi Nargis, aliyekuwa akikaa mlangoni na kikombe cha chai akinusa kila gunia linaloingia. Alikuwa anajua gunia limepitia wapi kwa harufu. Mimi sikuwahi kuona viungo vingi hivyo mahali pamoja, pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini, na macho yalikuwa yananitoka machozi, nao wakadhani nalia. Mzee Chanzi akanipa bambo. Kwa wale vijana waliozoea mashine: bambo ni chuma kifupi, kina ncha mbele na tundu katikati, unalichoma kwenye gunia bila kulifungua, linakutolea kilichomo ndani kabisa ambako muuzaji ameficha mawe. Akaniambia, "Hili nimelitumia mimi kabla yako. Ukilipoteza, usirudi."

Alinifundisha kutafuna pilipili manga. Ikiwa kavu inavunjika jinoni kwa mlio. Ikiwa na maji inabonyea. Jino langu hili la kushoto lililokatika ni mali ya kampuni, ingawa kwenye mafao hawakulitaja.

Na alinifundisha woga. Mzee Chanzi alizaliwa Uluguru kama mimi, lakini kila tulipopanda kununua, tukishaipita Bigwa na barabara ikaanza kuinuka, alikuwa ananyamaza. Nikamuuliza anaogopa nini kwao. Akasema, "Kijana, mlimani usiulize mwenye shamba ni nani. Uliza shamba hili ni la mama gani. Ukikosea hapo, hata mvua itakuchukia."

Nilikuwa naijua desturi hiyo, nani kwetu haijui. Ardhi yetu inafuata ukoo wa mama. Mwanamume anaoa, anahamia kwa mkewe, anapanda, anapalilia, anazeeka na mgongo unapinda palepale, na bado ni mkwe. Akikuambia ndiyo, amekupa ndiyo ya mdomo. Ndiyo yenyewe iko kwa mama wa shamba na kaka zake. Kuijua niliijua, lakini nilikuwa sijawahi kuiona ikikasirika.

Sasa twende kwa wanafunzi, maana nikiachwa hivi nitawasimulia mpaka kuku wa Mzee Chanzi.

Baba yake alipofariki, Bi Nargis akashika ghala. Huyu alikuwa amesoma, na alikuwa hapendi kukaa mlangoni. Siku moja akaniita akaniambia, "Mzee Lukali, likizo hii tunachukua wanafunzi wa biashara kutoka chuo kikuu. Kila mmoja nampa mradi wake, na nitawalipa."

Nikasema, "Dada, kwingine wanafunzi wa field hawalipwi. Wanatumwa chai, wanatoa fotokopi, wanagongewa muhuri, wanarudi chuoni."

Akasema, "Ndiyo maana nawalipa. Mtu usiyemlipa huwezi kumkaripia."

Nilirudi nyumbani sikula. Niliamini wanakuja kunitoa. Mtu wa darasa la nne ukiambiwa wanakuja watu wa chuo kikuu kwenye ghala lako, utaangalia paa na kujiuliza kama liliwahi kuwa lako kweli. Wakaja. Mmoja alivaa suti, akaingia upande wa pilipili manga, akapiga chafya mpaka miwani ikaanguka. Mwingine, Denis, mtoto wa Dar, akanisalimia, "Shikamoo mzee. Eti mtandao hapa unashika?" Nikamwambia kinachoshika hapa ni vumbi. Lakini yule Denis, msimwone hivyo. Bi Nargis alimpa mradi wa kutafuta kwa nini maduka ya Dar yanaacha viungo vyetu. Akazunguka likizo nzima, akarudi na jibu fupi: pakiti zetu zinapasukia rafuni. Sisi miaka yote tulikuwa tunawalaumu wateja, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kununua pakiti yetu dukani akaona. Toka hapo niliacha kuwaogopa wanafunzi. Nikaanza kuwaogopea, na huo ndio woga mbaya zaidi, kwa sababu ukimwogopa mtu unaweza kumkwepa.

Bi Nargis aliniweka kwenye usaili. Yeye na mhasibu walikuwa wanauliza mambo ya masoko na mtaji. Mimi nilikuwa na swali moja tu: "Ukipanda mlimani, ukafika kwenye nyumba ya watu, ukakuta hakuna mtu, utafanya nini?" Majibu niliyoyasikia, acheni tu. Nitapiga picha. Nitazunguka nyuma nione shamba. Nitamuuliza mtoto. Kijana mmoja alisema ataacha kadi yake mlangoni, na kadi yenyewe alikuwa nayo.

Halafu akaja binti wa Kisukuma, anatoka huko Kahama, anaitwa Minza. Mwembamba, anaongea polepole. Akafikiri, akasema, "Nitasimama nje."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aje mtu."

Nikamwambia Bi Nargis, huyu. Mhasibu alitaka yule wa kadi.

Minza alikuwa hajawahi kuona mlima wa namna hii. Kwao ni tambarare, ukisimama unaona mvua ya kijiji cha pili. Siku ya kwanza niliyompeleka juu kumwonyesha njia alishuka kwenye pikipiki akashika jiwe kwa mikono miwili. "Babu," akaniuliza, "watu wa huku wakidondosha sufuria wanaifuata wapi?" Nikamwambia hawaifuati, wanaoa upya. Akacheka, lakini jiwe hakuliachia.

Mradi wake ulikuwa kujua midalasini mingapi imefikia kukatwa msimu ule. Mwaka wa nyuma mwanafunzi mwingine aliuliza nyumba kwa nyumba na akaletewa hadithi. Anayetaka kukufurahisha anaongeza, anayeogopa ushuru anapunguza. Minza akasema miti ihesabiwe kwa macho. Lakini mteremko ule miti imechanganyika na migomba na mifenesi, ukigeuka hujui umeanzia wapi. Akamwambia Bi Nargis atakuwa anaweka tone la rangi kwenye kila mti alioumaliza. Ghalani palikuwa na kopo la rangi, ile tuliyokuwa tunapaka magunia yaliyokataliwa. Bi Nargis akafurahi. Hata ningekuwa mimi ningefurahi, akili ilikuwa nzuri. Ila siku hiyo mimi sikuwepo. Lori letu lilikuwa limekata ekseli Mikese likitoka Dar, nami nikatumwa kulinda mzigo. Na rangi ile ilikuwa nyekundu.

Mtu wa Kahama hawezi kujua. Mtu wa mjini pia. Kwetu juu, shamba likipakana na msitu wa hifadhi, rangi nyekundu kwenye mti ina habari moja tu: mpaka umefika hapa, na wewe uliye ndani ya mpaka anza kufunga vitu vyako. Wazee wanasimulia habari za rangi kama wengine wanavyosimulia njaa. Mtoto akichora mti kwa chaki nyekundu anachapwa.

Basi nipo Mikese, nimekaa juu ya magunia, wauza mahindi ya kuchoma wamenizunguka wakinitania kwamba nimekuwa kichuguu. Simu ikaita.

"Babu." Alikuwa ananong'ona. "Wamesema nisitoke."

"Nani wamesema?"

"Wanaume. Siwajui. Bwana Shomari wamemkalisha chini uani."

Shomari nilimjua. Alikuwa mtu mpole, ameoa pale, na mkewe alikuwa amekwenda Bigwa kumwangalia binti yao aliyejifungua.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimehesabu miti. Bwana Shomari alisema karibu, akanishikia na kopo."

"Kopo la nini?"

"La rangi, babu. Ile ya magunia."

Nikasimama. Sikumbuki kushuka kwenye lile lori, nakumbuka tu kwamba nilikuwa chini. Nikamwambia akae mbali na dirisha, asibishane na mtu. Akasema chaji inaisha. Ikaisha.

Nikampigia Bi Nargis. Akasema anakwenda polisi sasa hivi. Nikamwambia, "Dada, ukipandisha sare kule, wataamini kwamba kweli ni mpaka. Hatujui kitakachofuata."

"Na nisipopeleka, Mzee Lukali, mama yake nitamwambia nini?"

Nikamwomba anipe muda nifike kwanza. Mwisho akasema, "Jua likizama hujanipigia, nakuja nao."

Nikaacha mzigo wa watu na tandiboi wa lori, nikadandia lori la vitunguu mpaka Msamvu, pale nikapata bodaboda. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya mlimani isiyopiga kelele. Tulipoipita Bigwa yule dereva akasema, "Mzee, unakwenda kulekule? Nasikia wamemkamata mtu wa msitu." Nikamwambia aongeze mwendo. Barabara ilipoishia nikaendelea kwa miguu. Kona ya kwanza nikakutana na mama anashuka na ndizi, ananiambia wamekamata watu wa msitu, wako wengi, wana ramani. Kona ya juu yake vijana wawili wananiambia si msitu, ni wanyonya damu. Mwanamke mmoja, alianza kuhesabu miti, baadaye angehesabu watoto. Habari ile ilikuwa inashuka mlima kwa miguu, na kila ilipokata kona ilikuwa imenenepa. Nikajiuliza huko ilikoanzia imekuwaje sasa.

Hapo ndipo nilipokumbuka kilichomo mfukoni mwa koti langu. Bambo. Nilikuwa nalo kwa ajili ya mzigo wa Mikese. Nikalitoa nikalitazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyelijua: chuma chenye ncha, tundu katikati, mpini umekuwa mweusi kwa mikono ya watu wawili. Unaambiwa juu kuna mnyonya damu, halafu anatokea mzee wa kampuni ileile na chuma kama hicho. Nani angenipa nafasi ya kueleza habari za magunia? Nikaingia kwenye migomba ya watu, nikalichomeka ardhini mpaka likazama lote, nikafunika na majani. Nilisema nitalirudia. Nimelitafuta mara nyingi, migomba yote inafanana. Mzee Chanzi kule aliko anajua.

Nikafika. Wanaume walikuwa wamejaa ua wa ile nyumba, wengine na mapanga, na msifikiri panga ni ajabu, mlimani mtu anakwenda nalo hata msibani. Ila siku hiyo hayakuwa kwapani, yalikuwa mkononi. Bwana Shomari amekaa kwenye tope, kofia haipo. Kaka wa mkewe, Kibwana, mtu mrefu tuliyewahi kugombana naye bei ya iliki, akaja mpaka karibu na uso wangu.

"Lukali, umefuata mtu wako au umefuata shamba letu?"

Nikamwambia nimefuata amani. Akasema amani sikuja nayo nimekuja na tope.

Shomari akasema kutoka pale chini, "Jamani, mimi nilisema karibu tu."

"Ulimkaribisha kwa nani?" Kibwana akamuuliza. "Hapa ni kwenu?"

Watu wakacheka. Nawaambia, kicheko kile kilinitisha kuliko mapanga. Watu wakiwa na hasira bado wanakuona. Wakianza kucheka namna ile wameshamaliza na wewe.

Sauti ya Minza sikuisikia. Mlango wa chumba wanachokaushia iliki ulikuwa umefungwa kwa nje na kijiti. Moyo ulinivuta niende pale, miguu ikakataa, na nadhani miguu ndiyo iliyotuokoa. Nikageuka nikawauliza wote, kwa Kiluguru, nikijua kabisa jibu lake: "Shamba hili ni la mama gani?"

Kibwana akanitazama kama vile nimemnyang'anya kitu. Hawezi kukataa swali hilo, hata yeye pale anasimamia tu. Akamtuma mtu amwite mama yake, Bibi Mwanahawa.

Bibi alichelewa. Ni mwanamke mfupi sana, alikuja na mwavuli uliovunjika njiti, hakuangalia watu, alikwenda moja kwa moja kwenye midalasini. Akagusa rangi kwa kidole. Akanusa. "Bado mbichi," akasema. Kisha, "Mtoeni."

Minza akatoka. Rangi ilikuwa kwenye vidole vyake na kidogo shavuni, na nikaona watu wanarudi nyuma. Sasa huyu binti ni Msukuma, na Wasukuma msichana akimsalimia mkubwa anapiga goti. Akapiga goti palepale kwenye tope mbele ya bibi. "Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia.

Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua. Shikamoo isipoitikiwa mtu anabaki ananing'inia. Minza alibaki amepiga goti, mvua inamnyeshea, rangi inachuruzika kwenye vidole, na mapanga yamesimama pande zote. Nilisema moyoni, isipokuja marahaba sasa, haitakuja.

"Kwenu mnalima nini?" bibi akamuuliza.

"Pamba, bibi. Na tuna ng'ombe."

"Ng'ombe mnawatia alama?"

"Tunawatia."

"Ya nini?"

"Ijulikane ni wa nani."

"Na miti yangu umeitia alama. Ni ya nani sasa?"

Minza akatazama rangi vidoleni mwake.

"Mtu akitaka kutia alama ng'ombe wa kwenu," bibi akaendelea, "anamuuliza nani?"

"Mwenye ng'ombe."

"Wewe ulimuuliza nani?"

Minza akamwangalia Bwana Shomari aliyekaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimuuliza niliyemkuta zizini."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa puani. Halafu mwingine. Hata Shomari mwenyewe mabega yalitikisika. Kicheko hiki kilikuwa kingine, mtu wa kwetu angekijua hata amefumba macho. Bibi hakucheka, lakini alishusha mwavuli.

"Marahaba," akasema. "Inuka, utaugua."

Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Bibi akageukia wanawe. "Alama hii hailali kwenye ardhi ya mama zangu. Kateni."

Wanaume wote wakainua mapanga na kuja upande wetu. Minza alishika koti langu mgongoni akalivuta mpaka kola ikanikaba. Mimi nilifumba macho, siwafichi. Nikasikia miguu inanipita kushoto, inanipita kulia, harufu ya jasho na ya moshi, na baada yake panga la kwanza likapiga mti.

Walikata kila mdalasini wenye tone jekundu. Huku mlima una rehema yake. Mdalasini ukikatwa haufi, kisiki kinachipua, na wakati wa mvua ganda lake linabanduka kama ganda la ndizi. Wanawake wakatandika majani wakakaa wanabandua, na lile ganda lenye rangi linakwanguliwa na kuchomwa moto. Bibi Mwanahawa akampa Minza kisu kidogo. "Umeihesabu, ibandue." Akakaa katikati yao. Kisu kikamteleza akajikata, na mwanamke wa pembeni akamfunga kidole kwa jani huku anamtania kwamba damu yake ni nyekundu kweli, si mtu wa ajabu.

Ndipo nikaliona jua limetokeza chini ya mawingu, karibu kuzama. Kule juu laini yangu inashika kwenye jiwe moja tu, juu ya kijiji. Nikapanda kwa mikono na magoti, mzee mzima, nikakumbuka lile swali la Minza la sufuria. Bi Nargis akapokea kabla haijaita vizuri.

"Tumo ndani ya gari," akasema. "Tumefika Bigwa. Niko nao."

"Rudini, dada."

"Yuko hai?"

"Anabandua mdalasini. Rudini."

Sikumsikia tena, nilisikia tu anamwambia mtu ageuze gari, na sauti yake imekatika.

Tuliposhuka Minza alikuwa nyuma yangu, ameshika ukanda wa koti langu kama kipofu. Chini kabisa, taa za Morogoro zikaanza kuonekana, akasema, "Babu, miti niliyoihesabu haipo tena. Ripoti nitaandika nini?"

Nikamwambia, "Andika vimebaki visiki, na vitachipua."

Aliandika hivyo. Sijui chuoni walimpa nini. Ule mdalasini tuliununua wote, na wakati naupokea nilitafuna kipande nikakuta kitamu, nikaona haya.

Yaliyofuata nayafupisha. Likizo iliyofuata Minza aliomba kurudi, nikadhani amerogwa. Akapanda tena, safari hii akaanzia kwa Bibi Mwanahawa na kanga mkononi, na bibi mwenyewe akamzungusha mti kwa mti akiitaja kama anavyotaja wajukuu. Alipomaliza chuo Bi Nargis akamwajiri. Leo yeye ndiye anayewasaili wanafunzi, na swali langu analiuliza, ila ameliongezea la pili, maana la kwanza lilikuwa na tundu: "Na ukimkuta mtu, utajuaje kama ndiye?" Wengi wanakwama hapo. Rangi nyekundu ghalani hakuna. Magunia mabaya tunayafunga kamba. Haya mnayajua. Nisiloweza kuwaachia kwa makabidhiano ni ule woga wa wakati mwanafunzi yuko juu na simu haiiti. Nilidhani nitauacha ghalani pamoja na makoti.

Minza amewapa wanafunzi wa mwaka huu namba yangu bila kuniuliza. Juzi nipo nyumbani, nimekaa chini ya saa yangu ya ukutani, simu ikaita, namba siijui.

"Shikamoo babu. Naitwa Rehema, niko field kwa dada Minza."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Huku juu. Nimefika nyumba ya mama wa shamba, hakuna mtu. Jirani anasema amekwenda msibani. Kuna baba hapa ananiambia niingie tu, nianze kazi."

Nikasikia kwa mbali sauti ya mwanamume, sauti njema kabisa, inasema karibu.

"Wewe umesimama wapi, mwanangu?"

"Nje."

"Mshukuru huyo baba. Kisha rudi."

"Babu, nimetembea tangu asubuhi."

"Rudi."

"Na ukungu umeanza kufunga."

"Ndiyo maana nakuambia rudi sasa. Simu usikate."

Hakukata. Alimuaga yule baba, nikamsikia anaanza kushuka, mawe yanateleza chini ya viatu vyake, anahema. Mke wangu alileta chakula akakiweka, akanitazama, akakifunika. Nilibaki na simu sikioni, nahesabu kona kichwani, hii ya mwembe, hii ya mgomba, mpaka nikasikia pikipiki za Bigwa.